Naombeni ushauri: nimwekee mzee wangu wa UConn mechi ipi ya zamani?

Jirani_wa_Kiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Najua humu ndani asilimia kubwa ni Simba na Yanga, lakini mpo pia mnaoishi Marekani na Kanada na mnafuatilia mpira wa kikapu wa vyuo. Nisaidieni.

Nipo Connecticut, karibu na Hartford. Nilianza kwenda kuangalia UConn, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, enzi za Hasheem Thabeet, na sitaficha, kilichonipeleka ni Hasheem tu. Mtoto wa Dar kasimama katikati ya uwanja, futi saba na inchi tatu, ukumbi mzima unalitaja jina lake, wewe unakaa nyumbani unafanya nini? Timu inagawa mechi zake za nyumbani kati ya ukumbi wa Hartford mjini na Gampel Pavilion kule chuoni Storrs. Tiketi yangu ilikuwa ya Hartford, na jirani yangu wa kiti akawa mzee mmoja wa Kimarekani, fundi bomba mstaafu. Msimu uliofuata nikamkuta palepale. Ikawa hivyo miaka na miaka.

Huyu mzee alikuwa na redio ndogo ya mfukoni. Macho yapo uwanjani, sikio moja limo kwenye redio linamsikiliza mtangazaji wa mechi hiyohiyo. Mtangazaji akikosea, mzee anamjibu kwa sauti. Timu yetu ikienda kupiga mitupo huru anaizima kabisa, na ole wako utafune bisi. Wakati wa mapumziko anatoa kidaftari na penseli fupi, anaandika matokeo, hali ya hewa, na nani kakaa jirani. Mchezo kanifundisha yeye: kwamba wanaume wa vyuo wanacheza nusu mbili za dakika 20 na si robo nne, kwamba refa akimnyooshea kidole kocha wetu Jim Calhoun basi jiandae kwa maigizo.

Februari 16, 2009 tulikuwa pale wote wawili Pittsburgh walipokuja. Sisi ndio namba moja nchi nzima. DeJuan Blair, ambaye mbele ya Hasheem ni mfupi wa kutupwa, akagombea naye mpira, akamnasa mkono, akampitisha juu ya bega na kumbwaga chini kama gunia la mkaa. Blair alimaliza na pointi 22 na rebaundi 23. Hasheem pointi 5. Tukalala 76-68. Mzee akanishika bega akanipa pole, kama vile aliyebwagwa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Na mimi nikaipokea.

Sasa hivi yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, kumbukumbu zinamtoka. Binti yake kanipigia simu, namba yangu aliikuta nyuma ya kidaftari kimojawapo. Kaomba niende siku moja nikae na baba yake tuangalie mechi ya zamani, maana anasema mpira ndio kitu kinachomtuliza. Iwe asubuhi, na isizidi saa moja hivi, akichoka anakuwa mkali.

Ndiyo nauliza, mechi ipi? Moyo unanituma kwenye zile za 2009, ndizo tulizoangalia pamoja. Na je, nibebe kitu? Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, ila hawa wenzetu wana taratibu zao. Mke wangu anasema nisiende kabisa, nitaumia bure mzee asiponitambua.

Nawasilisha.

Kijiti_Pori

Chai hii, tena haina sukari. Nani anasikiliza redio ya mechi anayoiona kwa macho yake?

Mtaa_wa_Kongo

@Kijiti_Pori wewe hujawahi kuingia Uwanja wa Mkapa? Wazee wa hivyo wapo tele. Mjomba wangu alikuwa haamini kwamba ni goli mpaka redio iseme.

Baridi_ya_Toronto

Mkuu, hilo nalo swali? Kemba Walker, Machi 2011, Madison Square Garden, New York. UConn wameingia mashindano ya Big East, ligi yao ya vyuo, wakiwa nafasi ya tisa, kwa hiyo wanalazimika kucheza siku tano mfululizo. Wakashinda zote tano. Ile ya Pittsburgh ndiyo yenyewe. 74-74, saa inakwisha, Kemba kaachiwa Gary McGhee, jitu refu lisilozoea kukaba mtu mwepesi. Kemba anajifanya kwenda mbele, anarudi nyuma ghafla, McGhee miguu inapishana anajikuta anapepesuka, Kemba anatupa na king'ora kinalia. 76-74.

Na ni Pittsburgh walewale waliombwaga Hasheem, angalia na hilo! Baada ya hapo hawakufungwa tena hadi ubingwa wa taifa. Fainali yenyewe usimwekee lakini. 53-41 dhidi ya Butler, na Butler walitupa mara 64 wakaingiza 12. Mechi ile inaweza kumrudisha mtu mzima kabisa kitandani.

Mutoto_wa_Bukavu

Bandugu, mimi naishi Syracuse, munisamehe. Nilifika huku nyuma ya hiyo mechi, lakini ku kazi yangu wanaume wanaisimulia kila mwezi wa tatu kama ilichezwa jana. Machi 12, 2009, Syracuse na UConn, Madison Square Garden, dakika za nyongeza mara SITA. Ilikwisha saa saba na dakika 22 za usiku, 127-117. Jonny Flynn wetu alicheza dakika 67 kwa 70. Na katika zile nyongeza tano za kwanza Syracuse haikuongoza hata mara moja, inakimbiza tu, mpaka ya sita ndiyo ikapita mbele.

Kuko mzee moja pale kazini alilala nyuma ya nyongeza ya tatu. Mpaka leo tunamuita Tatu.

Jirani_wa_Kiti

@Mutoto_wa_Bukavu hahaha, msalimie Tatu. Ila hiyo hapana ndugu yangu. Mechi ya saa tatu na dakika 46, mimi nimepewa saa moja, halafu mwisho tunafungwa? Mzee atanifukuza.

@Baridi_ya_Toronto ya Kemba naiweka akiba. Tuliiangalia kila mtu kwake, akanipigia simu hata sijakaa vizuri, nikasikia tu anapumua.

Kikapu_cha_Upanga

Natoka nje ya mada kidogo. Ile 2009 sisi vijana wa viwanja vya Don Bosco Upanga tulikuwa hatulali. Usiku wa uteuzi wa NBA, Hasheem kachaguliwa wa pili na Memphis, Harden wa tatu, Curry wa saba. Mpaka leo nikimwambia mtu kwamba Mbongo wetu alichaguliwa kabla ya Stephen Curry ananiuliza nimekunywa nini. Watu humsema kwa yaliyotokea baadaye, lakini mwaka ule Big East ilimpa tuzo ya mchezaji bora pamoja na huyohuyo Blair aliyembwaga. Waliomwona chuoni wanajua alivyokuwa anafunga njia pale chini. Endeleeni.

Mama_Worcester

Kaka, nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Massachusetts, wa hali hiyo nimekaa nao wengi. Nenda. Namwelewa wifi, lakini kwa hili usimsikilize.

Ukifika usimuulize "unanikumbuka?" Huo ni mtihani, akiushindwa ataona aibu, na aibu ikigeuka hasira ziara imekwisha. Wewe mwambie jina lako na kwamba mlikuwa mnakaa viti jirani pale Hartford, basi. Akikuita jina la mtu mwingine, itika. Akisema mechi iliyochezwa zamani ni ya leo, ni ya leo. Kaa upande wa sikio lake zuri, na sauti ya TV ipunguze sana, maana zile kelele za mashabiki ambazo sisi tunaona ndiyo raha, kwa ubongo uliochoka ni fujo tupu.

Kuhusu mechi, nyote mnachagua mechi ZENU. Kwa wengi wenye ugonjwa huu yanayotoka kwanza ni ya karibuni, ya zamani ndiyo yanayong'ang'ania. Mwaka 2009 huyo mzee alikuwa mzee tayari. Muulize binti baba yake alikuwa akishangilia nini alipokuwa na miaka thelathini, arobaini, ana nguvu zake. Kama wewe ulikuwa bado uko shule ya msingi Tanzania, haidhuru, utakuwa mgeni kwenye mechi yake yeye. Muache akufundishe tena.

Mikono mitupu usiende, ila chakula uliza kwanza kwa binti au kwa nesi. Kuna sukari, kuna ambao kumeza kumekuwa shida. Na hivyo vidaftari vije pale mezani, avishike.

Mhitimu_Storrs

Mama Worcester kamaliza, mimi naongeza jina la mechi: Clemson, 1990.

Nilikuwa mwanafunzi pale. Mnaoijua UConn ya mataji sita ya wanaume hamuwezi kuelewa tulivyokuwa. Calhoun alipoanza, msimu wake wa kwanza alifungwa mechi 19. Halafu ghafla 1990 kila kitu kikakaa sawa, Gampel ikafunguliwa Januari ileile, tukachukua Big East, watu wa jimbo zima wakawa hawazungumzi kitu kingine. Machi 22, East Rutherford kule New Jersey. Tunawaongoza Clemson kwa pointi 19, wakazila zote, wakapita mbele 70-69. Imebaki sekunde moja na mpira uko upande wetu wa nyuma kabisa. Scott Burrell, ambaye besiboli pia alikuwa anaicheza, kwa hiyo mkono wa kurusha anao, akaurusha urefu wote wa uwanja. Tate George akaudaka pembeni kulia, akageuka, akatupa. 71-70. Bwenini kwetu kuna mtu aliruka kutoka kitanda cha juu, na hakuwa na pa kutua.

Fundi bomba wa Hartford wa umri huo anaijua hiyo sekunde kuliko siku yake ya harusi. Na uzuri wake ni kwamba ukimwekea dakika tano za mwisho zinatosha, zipo YouTube.

TAHADHARI: ukimaliza zima TV hapohapo. Siku mbili baadaye tulicheza na Duke, Christian Laettner akatufunga mwishoni mwa dakika za nyongeza, 79-78. YouTube isije ikajipeleka yenyewe huko.

Jambo jingine, mchokoze kuhusu paa. Januari 1978 ukumbi wa Hartford, UConn walicheza na UMass, watu maelfu wakaenda zao nyumbani, na alfajiri yake paa zima likashuka kwa uzito wa theluji. Hakuumia mtu. Wazee wa Hartford karibu wote wanadai walikuwepo kwenye mechi ile. Ukiwahesabu wanapita viti.

Na zawadi ni aiskrimu ya Dairy Bar pale chuoni. Haina mjadala.

Kijiti_Pori

Haya nimekubali, si chai. Lakini mwekee na ya wanawake. Hao ndio wenye mataji 12, nyie mnahangaika na Clemson.

Jirani_wa_Kiti

Wakuu, nawashukuru. Nimezungumza na binti jana usiku, nikamuuliza kama alivyosema @Mama_Worcester. Hata sijamaliza swali kasema "Tate George". Vidaftari vinaanzia miaka ya themanini, kanitumia picha ya ukurasa wenyewe. Juu kumeandikwa Clemson, 71-70, mvua, kisha kuna mstari wa penseli umekandamizwa hadi karatasi imechanika, na chini yake hakuandika kitu kingine siku hiyo. Kwa jirani kuna jina la kaka yake, ambaye ni marehemu sasa.

Nikamwomba anitafutie na ya Pittsburgh, Februari 2009. Ipo. Penye jirani kaandika "Tanzania". Jina langu lilikuwa bado halijamkaa.

Kwa hiyo naanza na Clemson, dakika za mwisho tu. Nikiona ana nguvu namwekea Kemba, ile ya kurudi nyuma peke yake. Ya Blair naipumzisha. Aiskrimu binti kasema ruksa, kikombe kidogo, vanila, bila karanga. Mke wangu kasikia habari ya kile kidaftari, sasa anasema tunakwenda wote, na ameshaanza kuuliza kama wazee wa huku wanakula vitumbua.

@Mhitimu_Storrs, la paa nilishaulizaga zamani. Anadai alikuwepo.

Mhitimu_Storrs

Nilijua tu 😂

Mutoto_wa_Bukavu

Basi muwekee hata ile nyongeza ya sita peke yake, ni dakika tano tu.

Jirani_wa_Kiti

Hiyo ya sita ndiyo mliyotufungia! Kaa na Tatu huko.

Mama_Worcester

Vitumbua avikate vipandevipande, na amuulize nesi kwanza. Kaka, umesema asubuhi, lakini nyumba nyingi asubuhi ni zamu ya kuogesha, unaweza kumkuta amechoka kabla hamjaanza. Piga simu siku moja kabla uulize anamaliza kifungua kinywa saa ngapi, halafu fika nusu saa baadaye. Na hakikisha TV ya chumbani kwake inaingia YouTube. Nyingi haziingii, watu wanakuja na hamu zao wanaishia kuangalia taarifa ya habari. Beba kompyuta yako, na chaja.