Ukoo wa Bi Siwema: matembele na sakitu

JUMANNE

Shangazi Mwanaidi: Assalam aleikum ukoo mzima. Simu imelia sasa hivi tangazo la hali ya hewa wanasema usiku wa leo nyuzi 30 na bustani yangu ndo kwanza imekolea 😩

Hamisi Tanga: Waaleikum salaam dada. Nyuzi 30 si raha hiyo? Huku tunatafuta pa kukimbilia, nimetoa mkeka nalala barazani

Rehema Minneapolis: Mjomba hizo za mama ni farenihaiti 😂😂 30 ya huku Marekani ni chini ya sifuri, kama -1 hivi

Hamisi Tanga: Lahaula! Si mlisema Arizona jangwa

Shangazi Mwanaidi: Jangwa ndio, sasa jangwa usiku ulishawahi kulala? Mchana natembea na fulana nipo sawa, jua likizama hakuna hata wingu moja la kuzuia, joto lote linapaa linaondoka zake, alfajiri nakuta gari limepiga weupe kama limemwagiwa unga wa sembe

Mwajuma Dar: Shikamoo shangazi. Ila hii Januari si ndo winta, bustani gani tena?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Huku kilimo kinyume. Kiangazi ndo kifo, ule mwaka 2023 mji wa Phoenix hapa jirani ulipiga siku 31 mfululizo kila siku inafika nyuzi 43 za kwenu, sukuma yangu ilikauka imesimama wima. Kwa hiyo mboga za majani unapanda Oktoba unakula mpaka Aprili huko. Sasa hivi nina sukuma, chainizi, figili, karoti, giligilani, halafu na yale matembele niliyootesha kwa kiazi kitamu kimoja cha dukani, nilikitia kwenye glasi ya maji dirishani kikachipua. Matembele yenyewe ndo ya joto, yameponea ukutani tu tangu kiangazi, kila asubuhi nayakuta yananisubiri

Mwajuma Dar: 😂 yanakusubiri. Ardhi unayo lakini?

Shangazi Mwanaidi: Ardhi ipo ila ukipiga jembe chini kidogo unakuta tabaka jeupe la chokaa gumu kama zege. Nimepanda kwenye maboksi ya mbao nyuma ya nyumba, udongo nimenunua. Kununua udongo, marehemu baba angenicheka mpaka kesho

Salim: Shangazi shkamoo, nitumie mwaliko nije nikulimie 😁

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Una miaka 17 wewe. Hapa Sun City ni mji wa wazee toka ufunguliwe 1960, kila nyumba lazima awepo angalau mmoja wa miaka 55 kwenda juu, na aliye chini ya 19 anakuja kutembea tu siku zisizidi 90 kwa mwaka

Salim: Ubaguzi wa wazi

Hamisi Tanga: Salim weka simu kasome

Juma Bwanashamba: Shikamoo shangazi, samahani nilikuwa barabarani. Hiyo naijua, nilivyokuwa Makete kule Kitulo mwezi wa saba viazi vilikuwa vinalala kijani vinaamka vyeusi. Inaitwa sakitu, baridi ya usiku ya kugandisha. Nisikilize vizuri, USIFUNIKE SUKUMA

Hamisi Tanga: Wewe, mboga ya kula unaiachaje nje na baridi?

Juma Bwanashamba: Ba'mdogo, sukuma, karoti na figili kwa baridi ndogo kama hii ni wazima kabisa, tena sukuma ikipigwa na baridi inaongeza sukari kwenye majani ili isigande, itakuwa tamu kuliko jana. Matembele ndo yatakufa, asili yake joto. Shangazi kata majani yote mazuri leo leo, acha mashina, halafu funika mashina. Na mwagilia maji sasa hivi kabla ya jua kuzama, udongo wenye maji unatunza joto kuliko mkavu

Shangazi Mwanaidi: Nifunike na mfuko wa nailoni?

Juma Bwanashamba: Hapana, nailoni ikigusa jani inaunguza. Kitambaa, na kifike mpaka chini kabisa pembeni ukandamize na mawe, joto la ardhi lisitoke. Asubuhi jua likipanda unafunua

Shangazi Mwanaidi: Sawa bwana shamba wangu. Shuka ninazo mbili tu za kuchezea, nitaongezea kanga

Hamisi Tanga: Kanga zipi dada?

Shangazi Mwanaidi: Ile doti ya mama

Hamisi Tanga: Kanga ya marehemu mama unafunikia matembele??

Shangazi Mwanaidi: Mama mwenyewe angekuwa hapa angeshafunika zamani na wewe angekutuma mawe 😏

Rehema Minneapolis: Huku kwangu leo -22, nimekaa kimya nawasikiliza tu watu na nyuzi zao za -1

JUMATANO

Mwajuma Dar: Shangazi vipi huko? Hivi sasa ni saa ngapi kwenu maana sielewagi

Shangazi Mwanaidi: Toa masaa 10 tu kwenye saa yako siku zote, Arizona hatuchezei saa kuisogeza mbele na nyuma kama huko kwa Rehema. Hapa saa 2 asubuhi nimeshika kikombe cha chai nje na koti la mama yake Rehema

Rehema Minneapolis: Mama, mama yangu si ni wewe 😂

Shangazi Mwanaidi: Basi koti langu. Haya ripoti. Mashina chini ya kanga yapo hai alhamdulillah. Kona moja ya boksi shuka haikufika, pale pameungua peusi ti, majani yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Sukuma imesimama inanitazama, ina unga mweupe pembeni ya majani

Juma Bwanashamba: 💪 nilisema mimi

Shangazi Mwanaidi: Halafu jirani yangu yule mzee wa Wisconsin, jimbo la baridi huko kaskazini, anayekuja kila winta kukimbia baridi, wenyewe wanawaita ndege wa theluji, jana usiku kaniona nahangaika na tochi kaja na taa zake za Krismasi za zamani zile za balbu zinazotoa moto, katandaza chini ya shuka. Anasema hizi mpya za LED hazifai hazina joto. Leo asubuhi kapita na kigari chake cha gofu kasimama anauliza kwenye kitambaa pameandikwaje

Mwajuma Dar: Kanga yenyewe inasemaje?

Shangazi Mwanaidi: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI

Salim: 💀💀💀

Mwajuma Dar: Shangazi umemtafsiria?????

Shangazi Mwanaidi: Nimemwambia ni dua ya mboga

Hamisi Tanga: 😂😂😂 nimepaliwa na kahawa

Mwajuma Dar: Na majani uliyokata?

Shangazi Mwanaidi: Sinia mbili zimejaa. Moja nimechovya maji yanayochemka dakika 2, nikatumbukiza kwenye maji ya barafu, nikakamua, nikafunga vifurushi friza, usipochovya kwanza friza inayaharibu yanakuwa na ladha ya nyasi. Sinia ya pili kesho napeleka klabu kuna chakula cha pamoja, kila mtu anakuja na chungu chake

Hamisi Tanga: Nazi unapata?

Shangazi Mwanaidi: Ya kopo. Msinihukumu. Kitunguu, nyanya, matembele, chumvi, tui zito mwisho na sufuria wazi ukifunika yanabadilika rangi. Karanga sitii kuna watu zinawadhuru

IJUMAA

Hamisi Tanga: Dada sabalkheri, hukutuambia ya klabu

Shangazi Mwanaidi: Huku bado Alhamisi mdogo wangu saa 3 usiku. Haya. Nusu saa ya kwanza hakuna aliyegusa, wote wamekimbilia makaroni na jibini, mimi na sufuria yangu tunatazamana. Mama mmoja akaniuliza hiki ni spinachi? nikasema ni majani ya viazi vitamu akarudisha kijiko taratibuuu

Mwajuma Dar: Jamani 😭

Shangazi Mwanaidi: Mpaka yule mzee wa Wisconsin kachota na mkate wa mahindi, kala, karudi, kaita na wenziwe wa meza yao, ndani ya dakika kumi nimebaki na mchuzi chini. Mzee mwingine akataka na huo mchuzi kwenye kikombe. Nimerudi nyumbani na sufuria tupu na mfuko wa mabalungi, maana huku msimu huu kila nyumba ina mti wa balungi au machungwa watu wanaweka mifuko nje ya geti chukua bure

Rehema Minneapolis: Mama nitumie vifurushi viwili vya friza

Shangazi Mwanaidi: Vitafika uji. Njoo ule hapa, wewe 55 huna lakini kutembelea ruhusa

Juma Bwanashamba: Shangazi na usiku wa leo wanasemaje?

Shangazi Mwanaidi: 31. Kanga zipo nje tayari, taa mzee kawasha mwenyewe. Nalala mie