Msaada wakuu: kisanduku cha orodha kwenye fomu hakirudishi kitu nikiruhusu kuchagua vingi

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Nina fomu ya Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) ya kutafuta wanafunzi kwa kozi. Kozi zimo kwenye kisanduku cha orodha, na kwiri (query, yaani ombi la kutafuta rekodi) inasoma iliyochaguliwa humo. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Jana nikabadili Multi Select (sifa ya kisanduku inayoruhusu kuchagua vingi) kuwa Extended ili mtu achague kozi tatu au nne kwa mpigo. Tangu hapo kwiri haileti hata rekodi moja, hata nikichagua kozi moja! Nimeshinda nayo mchana kutwa na wenzangu wanaisubiri. Nakosea wapi?

Mchangiaji 1
Pole mkuu. Kwiri yako haina kosa. Multi Select ikiwa Simple au Extended, thamani ya kisanduku hubaki Null (yaani tupu) muda wote, na hakuna rekodi inayolingana na Null. Ulizochagua zinakaa kwenye ItemsSelected. Zipitie moja moja, uziunge kwa mkato, kisha uchuje kwenye fomu yenyewe:

```
Dim v As Variant, s As String
For Each v In Me.lstKozi.ItemsSelected
  s = s & "," & Me.lstKozi.ItemData(v)
Next
Me.Filter = "KoziID IN (" & Mid(s, 2) & ")"
Me.FilterOn = True
```

Lile sharti la zamani kwenye kwiri, linalosoma kisanduku, lifute, la sivyo litaendelea kuzuia kila kitu.

Mchangiaji 2
Naongezea. ItemData hurudisha safu iliyotajwa kwenye Bound Column (sifa ya kisanduku inayosema ni safu ipi itoe thamani). Kama safu hiyo ni jina la kozi badala ya namba, kila jina lazima lizungushiwe alama za nukuu. Na angalia hesabu: Bound Column huanzia 1, lakini Column kwenye msimbo huanzia 0. Hapo ndipo wengi wetu tumepotezea saa nyingi.

Mwanzisha uzi
Imekubali! Asanteni sana. Ila nisipochagua kozi yoyote haifanyi kazi.

Mchangiaji 1
Ni kwa sababu mabano ya IN yanabaki matupu. Kabla ya kuchuja, pima ItemsSelected.Count. Ikiwa 0, weka FilterOn iwe False, wanafunzi wote wataonekana.

Mchangiaji 3
Mkuu, siku ukitaka kuzihifadhi kozi hizo kwa kila mwanafunzi, usizirundike kwenye sehemu moja zikitenganishwa na mkato. Tengeneza jedwali la kati lenye MwanafunziID na KoziID, kila chaguo liwe rekodi yake.