Naomba ushauri, nashindwa kuridhika na mana ya leo

Wapendwa Bwana asifiwe, naombeni ushauri. Nimeokoka miaka mingi tu ila nina katabia ka kutaka kujaza ghala kiroho, yani Jumapili nikibarikiwa ibadani nataka zile nguvu zinibebe wiki nzima, ikifika Jumatano nishakauka, naamka saa kumi na moja kuomba nakaa pembeni ya kitanda Biblia mapajani nasinzia tu.

Juzi nikasoma Kutoka 16, wale Waisraeli waliobakiza mana, kile chakula Mungu alichowashushia kila siku jangwani, hadi asubuhi ikaingia mabuu ikanuka, nikajiona mimi mzimamzima (na walishaambiwa wasibakize jamani, siku ya sita tu ndo walikusanya mara mbili).

Shida kubwa ni kwamba hata kile kidogo nachopata, labda kamstari kamoja tu, sikishukuru, naona hakitoshi, najilinganisha na wanaosema Mungu kaongea nao usiku kucha. Nyie mnawezaje kupokea cha leo na kushukuru bila kuwaza kesho ntapata wapi? Niwe naandika kwenye daftari au ntaishia kuhesabu tu? Ila msiniambie "omba sana", hiyo naambiwa kila siku.