Mrejesho: Kiyoyozi kilichokuwa kinakata breka

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu kiyoyozi cha sebuleni: feni ya nje inazunguka, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) inanguruma sekunde chache, kisha breka (swichi ya usalama inayokata umeme) inakatika. Asanteni sana.

Aliyesema tuanze na kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya kuisaidia kompresa kuwaka) kabla ya kuilaumu kompresa alipatia. Fundi alizima umeme, akaiondoa chaji kwanza (msiiguse kabla ya hapo, hupiga shoti hata umeme ukiwa umezimwa), akapima. Imeandikwa mikrofaradi 35 (kipimo cha uwezo wake wa kutunza chaji), mita ikasoma 9! Tukaweka mpya ya kiwango kilekile, kompresa ikawaka papo hapo.

Furaha ilidumu siku mbili, breka ikakatika tena. Ushauri wa kuweka breka kubwa zaidi sikuufuata, na nashukuru, maana tulikuta waya umelegea pale unapofungwa kwenye breka na plastiki imeanza kuyeyuka. Tulikata kipande kilichoungua, tukabadilisha breka kwa saizi ileile na kukaza vizuri.

Wiki ya tatu sasa haijakatika. Ila usiku umeme wa mtaani ukishuka hadi volti 180, kompresa bado inagoma. Hapo nakizima na kufungua madirisha, mbu wanafaidi. Kifaa cha kulinda volti kinasubiri mshahara.