Samansi aliachiwa dogo wa dukani, juzi dalali kaniletea notisi. Hii hukumu inatenguliwa?

Wakuu habari za mchana, kichwa kinaniuma naombeni msaada. Kuna jamaa nilichukua bati kwake kwa mkopo tukapishana hesabu, kumbe akanifungulia kesi ya madai mahakama ya wilaya. Mimi mwezi wa kumi mwaka jana wote nilikuwa Tunduru kwenye korosho, sina hili wala lile. Juzi dalali wa mahakama kaja na notisi ya siku 14, nilipe au wakamate mali, nauliza hukumu imetoka wapi naambiwa ilishasikilizwa upande mmoja. Kumbana dogo wa dukani ndo anakumbuka kuna mtu alileta "karatasi ya bosi" akaisukumia chini ya mzani. Tumeinua mzani ipo hapohapo, imelowa mafuta ya kula hata mhuri hausomeki. Dogo ana miaka 16. Hapo nimepewa samansi kweli?

Kijiko
Hata ungekuwepo ungegoma kusaini tu, wangekufanya nini

Wakili wa Kata
Kijiko usimpoteze mwenzio. Ukigoma, mpeleka samansi anabandika nakala mlangoni kwako anaenda kula kiapo, mahakama ikiridhika inahesabika umepata, siku zako 21 za kujibu zinakatika umelala.
Mleta mada, samansi unapewa wewe mkononi au wakala wako, ukikosekana ndo apewe mtu mzima wa familia unayeishi naye. Dogo wa dukani sio mtu mzima, na kama umemwajiri tu sio familia. Ila usibishane na dalali barabarani, nenda masjala ya mahakama omba kuona faili, soma kiapo cha mpeleka samansi kasema kampa nani na lini. Hukumu ya lini?

Mleta mada
Tarehe 4 mwezi huu, leo 23

Wakili wa Kata
Una siku 30 toka hukumu itoke, kwahiyo kimbia. Peleka maombi ya kutengua pamoja na ya kusimamisha utekelezaji, hapohapo mahakama iliyotoa hukumu, sio kurukia rufaa. Zikipita utaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ulikuwa wapi, ni mateso.

Mleta mada
Nimetoka masjala wakuu. Kiapo kinasema tarehe 17 mwezi wa kumi alinikabidhi MIMI dukani nikakataa kusaini!! Tarehe 17 nina risiti ya gesti Tunduru, ina jina langu na mhuri

Bibi Korosho
Hiyo risiti sasa usiiweke chini ya mzani