Homa ya matumbo Croydon, 1937: maji ya bomba yaliwezaje kuua watu 43?

Mdadisi wa Historia

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa nikisoma habari za miji ya pembezoni mwa London katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili za dunia, wakati familia nyingi zilipohama mitaa iliyosongamana na kwenda kuishi katika nyumba mpya zenye bustani, choo cha kuvuta na bomba la maji ndani. Kila mji wa namna hiyo ulikuwa na mganga mkuu wake, mabwana afya wa kukagua nyumba na maduka ya vyakula, pamoja na hospitali ya kuwatenga wagonjwa wa kuambukiza.

Kinachonisumbua ni Croydon, kusini mwa London. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1937 watu 341 waliugua homa ya matumbo na 43 kati yao wakafariki, na ugonjwa huo haukuanzia katika vibanda vya maskini bali uliingia katika nyumba nzuri za South Croydon, kwa watu waliokuwa na kila sababu ya kuamini maji yao. Naomba mwenye ujuzi anieleze jambo hili lilitokeaje na nani aliwajibika.

Mhandisi wa Maji

Ndugu Mdadisi, chanzo kilikuwa kisima cha Addington, mali ya manispaa yenyewe, kilichochimbwa katika miamba ya chokaa na kuwa na mahandaki ya kukusanya maji chini ya ardhi. Kwa kawaida maji yake yalichujwa na kutiwa klorini kabla ya kusukumwa kwenda kwa wananchi. Dawa hiyo haikuwa jambo geni, kwani mji wa Lincoln ulishaitumia tangu mwaka 1905 ulipokuwa ukipambana na ugonjwa huuhuu.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1937 mafundi walishushwa kisimani kufanya ukarabati. Uchunguzi wa serikali, ulioongozwa na mwanasheria H. L. Murphy na kutoa ripoti yake mwanzoni mwa mwaka 1938, ulieleza kwamba mambo matatu yalikutana kwa wakati mmoja: watu walikuwa wakifanya kazi chini kisimani, mmoja wao alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo, na katika kipindi hichohicho maji yalipelekwa kwa wananchi bila kuchujwa wala kutiwa dawa. Ondoa lolote kati ya hayo matatu, na huenda hakuna ambaye angeugua.

Kama mtu wa fani hii, jambo la tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Mtambo wa dawa ulikuwepo na ulikuwa umelipiwa. Kusimamisha uchujaji wakati wa matengenezo kunaweza kuwa na sababu ya kiufundi, lakini kusimamisha klorini huku mafundi wakiwa juu ya maji yaleyale yatakayonywewa hakuna sababu ninayoweza kuikubali. Saa hizo ndizo dawa inapohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Bwana Afya Mstaafu

Mhandisi ameeleza vema upande wa kisima. Mimi nitazungumzia ofisi, kwa sababu naamini maafa haya yalianzia mezani kabla ya kufika kisimani. Idara ya uhandisi na idara ya afya zilikuwa chini ya baraza moja, lakini mganga mkuu wa manispaa hakuarifiwa kwamba kuna watu wanafanya kazi ndani ya kisima. Kwa hiyo taarifa za wagonjwa zilipoanza kumfikia, hakuwa na sababu ya kukitilia shaka chanzo hicho kabla ya vingine.

Mtu asiyewahi kufuatilia mlipuko anaweza kuona ni uzembe mtupu, ila naomba tutazame ugumu wenyewe. Homa ya matumbo huchukua kwa kawaida wiki moja hadi tatu tangu mtu ameze vijidudu mpaka aanze kuumwa, na siku za mwanzo mgonjwa huwa na homa na kuumwa kichwa tu, dalili ambazo daktari anaweza kuziona kuwa za mafua makali. Mpaka damu ipimwe na jibu lirudi, familia nzima imeshakunywa maji yaleyale kwa muda mrefu. Kisha bwana afya hupita nyumba kwa nyumba akiuliza: maziwa mnanunua kwa nani, mlikula chaza au aiskrimu, mtoto anasoma wapi? Majibu yanapokosa kuafikiana katika yote isipokuwa maji, hapo ndipo ramani ya mabomba inapokunjuliwa. Ramani ya Croydon ilielekeza kwenye eneo lililohudumiwa na Addington.

Kuhusu yule fundi, naomba tusimhukumu. Aliwahi kuugua homa hiyo miaka mingi nyuma, akapona, na wala hakuonekana mgonjwa. Wachache kati ya wanaopona hubaki na vijidudu kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka mingi wakijisikia wazima kabisa. Wajibu wa kumpima kabla ya kumshusha kisimani ulikuwa wa mwajiri. Na tukumbuke kwamba wakati ule dawa ya kutibu homa ya matumbo haikuwepo. Kloramfeniko ilianza kutumika mwaka 1948, hivyo wagonjwa wa Croydon walitegemea uuguzi na nguvu za miili yao.

Msomaji wa Serikali za Mitaa

Nakubaliana na mzee wetu hapo juu, na ningependa kuongeza mfano wa eneo jirani unaoonyesha kwamba udhaifu wa ofisi kutoshirikiana ulikuwa umeshatambuliwa. Magharibi mwa London, katika jimbo la Middlesex, halmashauri ndogo nyingi zilikuwa na mitambo yao ya majitaka, na miji ilipokua mitambo hiyo ilielemewa. Baraza la jimbo likajenga mtambo mmoja mkubwa huko Mogden, Isleworth, uliofunguliwa mwaka 1936 na kuchukua nafasi ya mitambo midogo 28. Ulitumia njia iliyogunduliwa Manchester mwaka 1914, ambayo hupuliza hewa ndani ya majitaka ili bakteria wenyewe wale uchafu. Uwezo ulikuwepo, na fedha zilipatikana pale viongozi walipokubali kwamba mto hautambui mipaka ya halmashauri.

Mdadisi wa Historia

Nawashukuru sana. Je, wananchi walifidiwa, na je, utaratibu ulibadilika?

Bwana Afya Mstaafu

Utaratibu ulibadilika. Wizara ya Afya ilisisitiza kwamba maji yatiwe dawa bila kukatizwa na kwamba wafanyakazi wa mitambo ya maji wachunguzwe kama wana vijidudu. Kuhusu fidia, baba mmoja na binti yake aliyeugua waliishtaki manispaa, na mwaka 1938 mahakama iliamua kwamba manispaa ilifanya uzembe. Baba, kwa kuwa ndiye aliyelipa kodi ya majengo kwa manispaa, alishinda pia kwa hoja kwamba sheria iliilazimisha manispaa kumpa maji safi na salama. Binti alilipwa kwa hoja ya uzembe peke yake.