Lebo za jazi zilizoendeshwa na wanamuziki wenyewe

BesiKondele: Wakuu, niaje. Bendi yetu hapa Kondele tunapiga benga na jazi, sasa kuna jamaa anataka kuturekodi bure lakini masta (zile rekodi asili) zibaki zake, mimi nimekataa wenzangu wanasema naringa. Kule Marekani jazi ilikotoka, kuna wanamuziki waliwahi kufungua lebo yao na ikaenda?

SanturiNaks: Wako wengi bro. Charles Mingus, mpiga besi kama wewe, 1952 alifungua Debut pale New York na Max Roach wa drams, na mke wake Mingus, Celia, ndiye alibeba kazi nyingi ya ofisi (huyo watu humsahau sana). Wakatoa ile shoo ya Massey Hall, Toronto, ya Mei 1953, Charlie Parker wa saksafoni, Dizzy Gillespie wa tarumbeta na Bud Powell wa piano ndani. Parker alikuwa amefungwa na mkataba kwingine kwa hivyo kwa kava akaandikwa Charlie Chan. Halafu besi haikushika poa kwa tepu, Mingus akaingia studio akaipiga tena juu ya ile ya kwanza. Tepu ni yako, unaomba ruhusa nani?

AchiengMilimani: Sun Ra naye, mpiga piano na kiongozi wa bendi, Chicago, miaka ya 50, lebo ya Saturn na rafiki yake Alton Abraham. Kava zingine zilichorwa kwa mkono, rekodi wanauza palepale kwa shoo. Ni kitu napenda sana lakini tuseme ukweli, ukikosa shoo hiyo rekodi utaipata wapi? Kusambaza ndio ngumu, duka linachukua kwa mkopo na kiwanda cha kutengeneza santuri kinataka keshi.

SanturiNaks: Kweli. Ndio maana mimi naona lebo ya Strata-East ndio ya kuiga. 1971, Charles Tolliver wa tarumbeta na Stanley Cowell wa piano walikuwa na rekodi ya bendi kubwa na hawakupata kampuni ya kuwapa masharti mazuri, wakaitoa wenyewe. Baadaye wakafungulia wengine mlango, unagharamia kurekodi, unaleta tepu ikiwa tayari, masta inabaki yako. Gil Scott-Heron na Brian Jackson walitolea hapo albamu ya Winter in America 1974. Huku kwetu bendi za benga kama Shirati Jazz na Victoria Jazz walikuwa na jina kubwa lakini lebo nyingi zilikuwa za wafanyabiashara, kina Oluoch Kanindo, kina Chandarana wa Kericho.

BesiKondele: Asanteni sana. Sasa huyu jamaa nimwambie nini?

AchiengMilimani: Omera, mpe ruhusa ya kuuza miaka michache, arudishe gharama yake apate na faida, masta zibaki za bendi. Na iandikwe, majina ya wote, hata wa drams.